Pale Palipoandikwa Hakuna

Ardith Blanche Cyr ni binti wa Telesphore Ouellette, yule aliyeingia mtoni barafu ikiwa imepasuka, akamkata kamba farasi wa jirani aliyekuwa anazama, akatoka naye akiwa hai. Mama yake ni Exilda, aliyezalisha nusu ya watoto wa bonde hili na hakuna mzazi aliyemfia mikononi. Ardith mwenyewe alijaza mapipa sitini ya viazi kwa siku moja akiwa na miaka kumi na miwili, akasoma mpaka darasa la nane, akaolewa na Hervé Cyr, akamzika, akalea watoto watatu ambao wote wamehamia kusini kwenye joto. Na kwa miaka arobaini na minne hakukosa Hesabu ya ndege hata mara moja. Mwaka aliovunjika kifundo cha mguu alikwenda vilevile, mguu mmoja ndani ya buti la mume wake.

Hayo kila mtu wa mji wetu anayajua, na Ardith alipenda yajulikane. Yaliyotokea mwaka wa arobaini na tano hakuyapenda, na ndiyo yanayosimuliwa hapa.

Hesabu hufanyika Jumamosi ya pili ya Oktoba, viazi vikishaingia ghalani na watoto wakisharudi shule. Watu wawili huondoka asubuhi kwenye daraja la kinu cha zamani, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa ili wawindaji wasiwapige risasi wakidhani ni kulungu, wakafuata njia ya msituni maili nne mpaka kwenye mwamba unaotazama ziwa. Mmoja huita, yaani hutaja kila ndege aliyemwona au kumsikia. Wa pili huandika. Mwitaji hashiki penseli na mwandishi hafungui mdomo. Sababu yake ni nzuri tu. Zamani wawili hao walikuwa wakibishana njia nzima, huyu mwewe, huyu si mwewe, mpaka wanafika mwambani wamenuniana na ndege wameshajiendea zao. Basi ikawekwa sheria, na utani ukafuata, kwamba mwandishi masikio yake huyaacha darajani.

Mwitaji alikuwa Ardith. Mwandishi wake kwa miaka ishirini na sita alikuwa Mavis Thurlow, mtunza maktaba, mwanamke mpole ambaye hata akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Vuli hii Mavis yumo kwenye nyumba ya wazee na hamtambui hata mwanawe. Chama cha ndege, kinachosimamia Hesabu, kikatafuta mtu wa kushika penseli. Huyu ana ujenzi, yule ana kulungu wa kuwinda, mwingine magoti. Mwisho mtu mmoja akajitolea, na Ardith alipotajiwa jina lake aliweka kikombe mezani taratibu, akauliza kama wamesikia vizuri. Walikuwa wamesikia vizuri. Ni Odile Gagnier, binti wa Lucien.

Lucien Gagnier alikuwa na shamba la misonobari ya Krismasi kwenye mteremko ambao njia ile hupita pembeni yake. Novemba alikata ncha za matawi, watu wakasuka mashada ya kutundika milangoni. Desemba aliuza miti mizima. Nyumba yake na ya Ardith zilikuwa kama nyumba moja. Odile alijifunza kukoroga unga wa chapati za ngano nyeusi jikoni kwa Ardith, na alimwita shangazi tangu alipoanza kusema.

Halafu ndege wa taji wakaanza kupungua.

Ndege wa taji ni mdogo, anazidi kidogo tu kidole gumba cha mwanaume, ana rangi ya majivu yenye ukijani na mstari wa manjano utosini. Hukaa juu kabisa ya misonobari, kwenye giza la matawi, kwa hiyo kumhesabu ni kwa kumsikia. Mwaka wa kwanza wa Ardith waliandikwa sitini na wanne. Miaka ishirini baadaye bado walikuwa hamsini na kitu. Kisha thelathini. Kisha tisa. Kisha wawili, na baada ya hapo, mwaka hadi mwaka, Mavis akaandika neno moja tu: hakuna.

Ardith aliumia kama mtu anayeangalia nyumba ya wazazi wake ikibomolewa ubao baada ya ubao. Akatafuta sababu, na sababu aliiona pale pale pembeni ya njia, maana kila Juni Lucien alikuwa akipiga miti yake dawa ya wadudu. Aliongea naye mara mbili kwa upole, na mara mbili Lucien akamwambia dawa hiyo ni ya kawaida na ndege wapo tele. Ardith akaona anadharauliwa.

Machi, kwenye mkutano mkuu wa mji, watu wamekaa kwenye viti vya kukunja katika ukumbi wa shule na theluji inayeyuka kwenye mabuti yao, Ardith alisimama na madaftari yake. Hakupaza sauti wala hakumtaja mtu, maana wote walijua njia ile inapita shamba la nani. Alisoma namba tu, mwaka baada ya mwaka, na ilipofika hakuna, hakuna, hakuna, ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza. Lucien akainuka. Kofia alikuwa ameishika mkononi, imetuna kama imewekwa kitu ndani.

"Wapo, dada Ardith," alisema. "Asubuhi nikizima msumeno wananiimbia hapa juu ya kichwa."

"Lucien, mwenzangu," Ardith akajibu, "mtu aliyeshika msumeno wa injini miaka arobaini anasikia nini zaidi ya tumbo lake?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Lucien alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepigwa kofi mbele ya watoto wake, akakaa. Ule utani ulipendwa. Uliendelea kurudiwa dukani na kinyozini mwaka mzima, na Ardith kila aliposikia unarudiwa alijisikia vizuri.

Hakuna aliyepiga kura dhidi ya Lucien, maana hapakuwa na kitu cha kupigia kura. Watu waliacha kununua tu. Kanisa likachukua mti wa Krismasi kwingine. Waliokuwa wakinunua ncha za matawi wakamwambia wateja wanaulizia habari ya dawa. Mwaka wa pili alifunga shamba, na akiwa na miaka sitini na saba akaenda kukata magogo ya watu, kazi ya vijana. Januari moja mti uliokuwa umeegemea mwenzake uliteleza ukamshukia mgongoni. Alilala kwenye theluji saa nne nzima kabla ya wenzake kumkuta, na alikufa njiani akipelekwa hospitali. Mazishini Ardith alikaa benchi la nyuma. Odile alipompita aliinamisha kichwa kidogo na kusema, asante kwa kuja, Bi Cyr. Hakumwita shangazi tena tangu siku hiyo, na hiyo sasa ni miaka mitano.

Sasa yuko pale darajani, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mrefu kama baba yake, dereva wa basi la shule. Majani ya miti ya sukari, ile ya utomvu mtamu, yalikuwa yameshapukutika karibu yote, na yaliyobaki yalining'inia yakiwa na umande ulioganda. Ardith alimkabidhi daftari na penseli. Akajaribu utani wa siku zote, akauliza kama masikio ameyaacha darajani.

"Yangu nimekuja nayo, Bi Cyr," Odile akasema.

Wakaondoka. Maili ya kwanza ilikwenda vizuri. Ardith aliita kunguru wanne, akaita kigogota mkubwa kwenye mti uliokauka, akaita bata bukini sitini na mmoja waliopita juu wakibweka kama mbwa wa mbali. Kwale dume akapiga mabawa yake juu ya gogo, ule mpigo mzito ambao mtu huusikia kifuani kabla ya masikioni, na Ardith alimtaja kabla Odile hajageuza kichwa. Alifurahi. Ana miaka themanini na mmoja, na kwale yule alikuwa ng'ambo ya kijito.

Penye kinamasi walimkuta kulungu dume mkubwa, wa ile aina yenye pembe pana kama sepetu. Alikuwa anazunguka mahali pamoja. Kichwa kimepinda upande, udelele unamtoka, na matope aliyoyakanyaga yalikuwa yamefanya duara kamili. Ni mnyoo wa ubongo. Walisimama wakamtazama mpaka alipojikwaa na kupiga goti.

"Huyu haioni Krismasi," Ardith alisema.

Odile hakuandika, maana Hesabu ni ya ndege.

Wakafika kwenye mteremko wa Gagnier. Miti ambayo Lucien alikuwa akiipogoa kila mwaka iwe na umbo la pia, sasa ilikuwa imekuwa inavyotaka, imesongamana, inafunga mwanga. Ardith alipita hapo kwa mwendo wa mtu anayejua hapana kitu. Aliita kunguru mmoja. Halafu akagundua kwamba nyuma yake hakuna hatua.

Odile alikuwa amesimama, kichwa kimeinuka.

"Wapo," alisema.

"Akina nani?"

"Hao wa baba."

Ardith akamkumbusha kwamba mwandishi hasemi. Odile akasema anajua. Kisha akaendelea kusema, kwa sauti ya chini, kama anamsomea mtu kitu kilichoandikwa mahali.

"Ni sauti nyembamba, kama sindano inakwaruza kioo. Tatu tatu. Kule. Na kule juu. Bi Cyr, wako wengi."

Ardith alisikiliza. Alisikia maji ya kijito, upepo, koti la Odile likisuguana, na damu yake mwenyewe. Akainua darubini kwa hasira, ili amwonyeshe mtoto huyu wa Lucien kwamba matawi ni matupu. Akatafuta, akatafuta. Kisha kitu cha manjano kikapita kwenye kioo. Akakifuata. Ndege wa taji alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye ncha ya tawi. Akageuka, akafungua mdomo. Koo lilitetemeka, manyoya ya kidevuni yakasimama, mdomo ukafunguka na kufungika mara tatu. Hakuna kilichotoka. Pembeni yake alikuwapo wa pili, naye anaimba vile vile bila sauti. Ardith aliwahesabu kwa macho mpaka kumi na wawili, akashusha darubini.

Hakuhitaji kuelezwa. Katika chama cha ndege hili wanalijua wote, kwamba masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na nzito hubaki. Yeye mwenyewe alimcheka mzee Bertrand, mwitaji wa kabla yake, kwa jambo hilo hilo, wakamwondoa kwenye wito bila huruma. Muuguzi wa zahanati alitaka kumpima masikio mara mbili, na mara zote mbili Ardith alimjibu kwamba anamsikia kwale akiwa kilima cha pili. Ilikuwa kweli. Kwale alimsikia.

Na Mavis. Mwaka wa hakuna ya kwanza walikuwa wamesimama karibu na hapa hapa. Mavis aliinua kichwa, akamtazama usoni, penseli imesimama. Ardith alimwambia, unangoja nini, andika hakuna. Mavis akainama akaandika. Akaandika hivyo kila mwaka uliofuata, na hata ukumbini siku ile alikaa safu ya tatu na mikono yake mapajani, kwa sababu mwandishi hasemi.

"Niandike nini?" Odile aliuliza.

"Andika wamerudi."

Neno lilitoka lenyewe, tayari, limenyooka. Na lilikuwa neno linalofaa. Shamba lilifungwa, dawa ikakoma, ndege wamerudi; nani angeuliza zaidi? Madaftari ya miaka arobaini na minne yangebaki safi. Jina la Ardith lingebaki lilivyo. Na Lucien angebaki alivyo, chini ya ardhi nyuma ya kanisa, mtu aliyeua ndege.

Odile alimtazama usoni. Kisha akainama, akaandika bila kubisha, kama sheria inavyotaka.

"Wamerudi," alisoma. "Wangapi?"

"Kumi na wawili."

Wakapanda. Ardith alikuwa mbele na hakutaka kugeuka, lakini aligeuka. Kichwa cha Odile kilikuwa kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, kinainuka, kinafuata kitu hapa na kitu pale. Penseli ilikuwa imelala. Njia ile yote ilikuwa na sauti, na aliyetakiwa kuziita alikuwa anatembea ndani yake kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni.

Juu ya mteremko kuna kisiki ambacho Lucien alikuwa akikalia kula chakula cha mchana. Kwenye msumari uliopigwa ubavuni mwake vilining'inia vifuniko vya masikio, vile vya wakata miti vya kuzuia kelele za msumeno, vikubwa kama vikombe. Jua lilikuwa limevichuja rangi na panya wametafuna sifongo ya upande mmoja. Ardith aliuliza ni vya nani, ingawa alijua.

"Vya baba," Odile alisema. "Alivaa siku zote. Mama alimwambia kabla hawajaoana kwamba hatazaa na mwanaume asiyeweza kusikia mtoto akilia. Wenzake msituni walimcheka maisha yake yote, wakamwita bibi harusi. Hata siku ile ukumbini alikuwa navyo, ndani ya kofia. Nilimuuliza kwa nini hakuvitoa. Alisema angeonekana anaomba huruma."

Ardith alikaa kwenye kisiki. Baridi ilimwingia kupitia suruali.

"Umekuja kunionyesha hivi," alisema.

"Hapana. Nimekuja kusikia kama baba alikuwa mwongo." Odile alifunga daftari, kidole kikiwa ndani kushika ukurasa. "Sikuwa na hakika. Unajua kitu cha mwisho nilichomwambia kuhusu jambo hili? Nilimwambia, baba, acha kubishana na daftari. Wote tulikuamini wewe, Bi Cyr. Mimi pia."

Chini yao ziwa lilikuwa la rangi ya bati. Ardith alifikiria Machi, viti vya kukunja, nyuso zile zile zilizocheka. Alifikiria baba yake akitoka mtoni na farasi, na mama yake Exilda, na mapipa sitini, na yote aliyokuwa akipenda yasemwe atakapokufa. Akayaona yakisemwa na watu wanaotazama pembeni. Alitaka sana kuinuka, aendelee mpaka mwambani, anywe kahawa yake, arudi nyumbani. Neno lilikuwa limeshaandikwa.

"Fungua huo ukurasa," alisema.

Odile akaufungua.

"Hapo kwenye wamerudi. Usifute, kwenye Hesabu hatufuti. Piga mstari mmoja, lisomeke. Juu yake andika: mwitaji hasikii."

Penseli ilichelewa kidogo, kisha ikaandika.

"Kesho ukitoka kanisani pitia kwangu uchukue madaftari yote. Yako kwenye kabati la sahani, rafu ya chini. Anza pale namba zinapoanza kuanguka. Kila palipopungua, na kila palipoandikwa hakuna, andika pembeni: Ardith Cyr hakusikia. Andika kwa wino, jina lote. Mavis usimguse. Yeye aliandika nilichomwambia." Akaongeza: "Machi utasimama uyasome mbele ya watu. Taratibu, kama nilivyosoma mimi. Na useme habari za hivyo vifuniko."

"Kwa nini nisome mimi? Ulisoma mwenyewe mara ile."

"Nikisoma mimi, watu watatoka pale wanasema Ardith ni mwanamke jasiri. Nawajua. Hata mimi ningejisikia vizuri. Ukisoma wewe, watasikia Gagnier. Mimi nitasimama kando yako mpaka umalize, waniangalie."

Odile alivitoa vifuniko kwenye msumari, akavipangusa kwa mkono wa koti, akavitia mfukoni. Akasema baadhi ya wale waliocheka wamekwisha kufa, na baba hatasikia chochote. Ardith akasema anajua.

"Sitakusamehe kwa hili, Bi Cyr. Usije ukadhani."

"Sikukuomba. Nimekupa kazi." Ardith aliinuka kwa kushika kisiki, goti likalia. "Na hiyo si yote. Hesabu ni yako kuanzia leo. Mwandishi wako mwache aseme. Akisema amesikia kitu usichokisikia, simama umsikilize, hata kama ni mjinga. Na ukifika sitini nenda ukapimwe masikio, ubishe usibishe. Ukikuta hayafai, mtafute mwingine upesi, usingoje mtu afe."

Akanyoosha mkono. Odile hakuelewa mara moja. Kisha alielewa, akampa penseli, halafu daftari.

Miaka arobaini na minne Ardith hakuwa ameshika penseli hiyo msituni. Aligeuza ukurasa mpya, akaegemeza daftari tumboni, akasubiri na kichwa kimeinama, kama Mavis alivyokuwa akisubiri.

"Haya," alisema. "Ita. Naandika."